Mume yuko kambini ziwani, siku zangu za kushika mimba zikifika hayupo. Kupima ovulesheni nyumbani inakuwaje?

Nyamgebuka

Habari za jioni wadau, hasa dada zangu na manesi mliomo humu. Niko Kigoma mjini, umri 29, ndoa ina mwaka na nusu na mtoto bado, na hatujawahi kutumia uzazi wa mpango wa aina yoyote. Siumwi kitu, MP (hedhi) naipata kila mwezi ila haina tarehe maalum, nikihesabu kwenye kalenda ya ukutani mzunguko wangu mfupi kabisa umekuwa siku 27 na mrefu 33.

Shida yenyewe ni hii. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa na kambi yao ipo kusini huko upande wa Kalya. Giza la mwezi likianza wanaondoka na vipe vyao (mitumbwi ya kuvua kwa taa), mbalamwezi ikiwaka ndo anarudi nyumbani kama wiki hivi, maana mwezi ukiwa mpevu taa zao hazivuti kitu. Sasa kila akirudi ananikuta niko kwenye MP au ndo kwanza imekauka, halafu akishaondoka zinapita siku chache mwili wangu unabadilika kabisa, hamu ipo, tumbo upande mmoja linachoma choma, na mwenyewe hayupo 😂 nacheka ila inauma.

Nikaona ninunue vile vijiti vya ovulesheni famasi. Muuzaji akanieleza haraka haraka ni kama kipimo cha mimba, ukiona mistari miwili ujue tayari. Basi napima mkojo wa asubuhi nikiamka, miwili. Kesho yake miwili. Siku zote nilizopima ni miwili ila mmoja umefifia. Ina maana yai linapevuka kila siku au nimeuziwa vibovu? App ya kwenye simu nayo imeng'ang'ania siku ya 14 kila mwezi bila kujali chochote. Wifi yangu yeye anasema nitumie kipimajoto, lakini mimi nauza dagaa, kuna siku natoka saa 9 usiku kuwahi mzigo mwalo wa Kibirizi na kuna siku nalala mpaka kunakucha, sasa hilo joto nalipima saa ngapi?

Naombeni mnielekeze kwa lugha ya kawaida nifate kipi. Na kama kuna anayejua namna ya kupanga hizi siku na mtu anayefata mwezi wa angani aniambie. Mama mkwe kila akipiga simu anaulizia wajukuu.

NesiIsevya

Mwangaluka dada. Mimi ni nesi, niko Tabora, kliniki ya mama na mtoto, na hili swali la mistari miwili naulizwa sana kwa hiyo vumilia nikujibu kwa kirefu.

Vijiti vyako huenda ni vizima kabisa, shida ni hayo maelezo ya kwamba ni kama kipimo cha mimba. Sio kama kipimo cha mimba. Kwenye UPT, yaani hicho cha mimba, mstari wa pili hata ukiwa hafifu unachukuliwa ni mimba, kwa sababu ile homoni kama huna mimba kwa kawaida haipo. Kijiti cha ovulesheni kinatafuta homoni nyingine inaitwa LH, na hiyo mwanamke anayo kidogo kidogo siku zote za mwezi, ndo maana mstari uliofifia unauona kila ukipima. Uhesabu kwamba bado. Unachosubiri wewe ni ile siku mstari wa kipimo umekolea ukalingana na ule wa kontroo (ule unaoonyesha kijiti kinafanya kazi) au ukauzidi. Hapo LH imepanda ghafla, na yai linatoka ndani ya saa 24 mpaka 36 hivi.

Halafu mkojo wa kwanza wa asubuhi kwa hiki kijiti achana nao. LH mara nyingi inaanza kupanda alfajiri na inachelewa kujitokeza kwenye mkojo. Pima kati ya saa 4 asubuhi na saa 2 usiku, chagua saa moja uikamate hiyo hiyo kila siku, na masaa mawili kabla ya kupima usinywe maji mengi maana mkojo ukiwa mwepesi mstari haukolei hata kama LH ipo. Soma jibu kwa muda ulioandikwa kwenye paketi, vingi ni dakika 5. Ukikisahau dirishani ukarudi baada ya saa nzima usikiamini. Na usivifungue kabla ya siku ya kutumia, wala usivihifadhi penye joto, vingi vinataka lisizidi nyuzi 30, sasa nyumba zetu hizi za bati mchana mnazijua wenyewe.

App haioni tumboni kwako, inabashiri. Siku ya 14 ni ya mwanamke wa mzunguko wa siku 28. Kisichochezacheza sana ni kile kipande cha mwisho, kuanzia yai kutoka mpaka MP inayofata, kwa wengi ni kama wiki mbili. Kwa hiyo hesabu kwa kurudi nyuma: mwezi wako wa siku 27 yai linatoka karibu na siku ya 13, mwezi wa siku 33 linatoka karibu na siku ya 19. Siku ya kwanza ni ile damu imeanza kutoka, sio ile imekauka. Mbegu za mwanaume zinaweza kuishi mpaka siku 5 ndani ya mwanamke akiwa na ute mzuri, yai lenyewe halimalizi saa 24. Kwa hiyo wewe siku ambazo mimba inaweza kushika ni kuanzia kama ya 8 mpaka ya 19, na vijiti anza kupima siku ya 10.

Umeona sasa wapi pamekwama? Kijiti kinakupa taarifa ya siku moja, moja na nusu. Mpaka umpigie simu, mtandao ushike, yeye atafute boti ya kutoka Kalya, yai limeshakufa. Siku nzuri kuliko zote ni zile mbili tatu KABLA yai halijatoka, mbegu ziwe zimeshatangulia zinasubiri. Mnatakiwa muwe pamoja kabla kijiti hakijakolea.

KijanaWaReli

Kwa hiyo 2024 serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ilikuwa kampeni ya uzazi na mimi sikujua 😂😂 nilikuwa nalalamikia bei ya mgebuka tu. Dada nyie hiyo miezi mitatu mlikuwa wapi?

Nyamgebuka

Hatujaoana bado mkuu, niache 😂😂

Nesi asante sana, Mungu akuzidishie. Kumbe kontroo na kipimo ni vitu viwili tofauti, na hicho kikaratasi cha maelezo kimeandikwa Kiingereza na Kichina. Joto je niachane nalo?

NesiIsevya

Joto ni zuri kwa mtu mwenye ratiba, na lina kasoro moja kubwa kwako: linakwambia yai LIMESHATOKA. Baada ya yai kutoka homoni ya projesteroni inapandisha joto la mwili kwa nyuzi 0.2 mpaka 0.5 na linabaki juu mpaka karibu na MP. Kwa hiyo ukiliona limepanda siku tatu mfululizo umethibitisha tu kwamba mwezi huu yai limetoka, mtu anayepanga safari ya mume halimsaidii kitu. Pia lazima upime kabla hujanyanyuka kitandani, saa ile ile, uwe umelala angalau masaa matatu, na kipimajoto kiwe kinaonyesha desimali mbili, vile vya kawaida vya kupimia homa ya mtoto vinaweza visikuonyeshe tofauti ndogo hivyo. Ongeza malaria ya mikoa yetu hii, homa kidogo tu chati yote imeharibika. Wewe wa Kibirizi saa 9 usiku lisahau.

MamaPacha_Mwanga

Mdogo wangu mi nashangaa watu wanarukia vijiti na maapp wakati mwili wenyewe unasema. Mimi watoto wangu wote wanne nimewapanga kwa kuangalia ute, nilifundishwa parokiani kwenye semina ya wanandoa, ile njia ya Billings, na walionifundisha walikuwa wanafundisha kwa ajili ya kuzuia mimba ila ukiigeuza ndo unapatia mimba hapo hapo.

Inakuwa hivi. MP ikiisha kuna siku unajisikia mkavu kabisa, hamna kitu. Halafu unaanza kuona ute mzito mzito unaonata, mweupe au una unjano kwa mbali. Siku zinavyosogea unakuwa mwepesi, unaongezeka, mpaka unafika siku unateleza wenyewe ukitembea unausikia, ukishika katikati ya vidole viwili ukavuta unavutika haukatiki, angavu kama ute mweupe wa yai bichi. Hapo ndo penyewe. Siku ya mwisho ya huo unaoteleza ndo yai linatoka au kesho yake. Baada ya hapo ghafla unarudi mzito au unakauka. Angalia kila ukienda chooni, kabla ya kukojoa, jifute na karatasi laini uone, na jioni andika kwenye kalenda hata neno moja, mkavu, unanata, unateleza. Ukifanya miezi miwili mitatu utajijua kuliko app yoyote.

Uzuri wake haukudai hela. Na kama una vijiti vichache, subiri ute uanze kuwa mwepesi ndo ufungue paketi, sio unaanza kumaliza vijiti siku umekauka.

Nyamgebuka

Dada MamaPacha hapo umenigusa maana mimi sijawahi kuuona huo ute wa kuvutika vizuri, nauona kidogo sana. Ila na mimi najisafisha sana, asubuhi na jioni na sabuni mpaka ndani, si tulifundishwa hivyo unyagoni. Je naweza nikawa sina yai?

MamaPacha_Mwanga

Utauonaje mama na wewe unaufua kila siku 😂 Mpaka ndani na sabuni ya nini jamani. Osha nje na maji basi, ndani kunajisafisha kwenyewe. Acha huo mchezo mwezi mmoja halafu uangalie tena.

NesiIsevya

Nakazia hapo. Kuosha ndani na sabuni, ndimu, shabu na vinginevyo kunaondoa huo ute ambao ndo njia ya mbegu, na kunaua bakteria wazuri kwa hiyo unakaribisha maambukizi. Kuuona kidogo sio lazima iwe huna yai, wapo wenye ute kidogo. Ila ujue na tofauti: ute wa uzazi hauna harufu mbaya na hauwashi. Ukiona unatoa harufu, unawasha, una rangi ya kijani au unatoka kwa mabonge, hiyo ni ya kwenda kupimwa, maana baadhi ya maambukizi kama klamidia na kisonono yakiachwa yanapanda juu yanaziba mirija, na mirija ikiziba hata upatie siku vipi yai na mbegu havikutani.

Tumbaku_Urambo

Naomba kudandia hapa hapa kabla uzi haujaenda mbali. Mimi niko Urambo, niliacha sindano ya miezi mitatu, sasa hivi miezi mingi imepita sioni MP kabisa, nimekuwa nikipima na hivyo vijiti kila siku wala havikolei. Jirani yangu kaniambia ninunue Clomid duka la dawa ninywe yai litoke. Mnaonaje, na dozi yake ikoje?

NesiIsevya

Dozi sikupi dada yangu, usinielewe vibaya. Kwanza pima mimba, inashangaza ila wanakuja kliniki hivyo. Kama hamna, ile sindano ya Depo ndo inayochelewesha kuliko njia zote, kwa wastani mtu anashika mimba kama miezi 10 baada ya kuchoma ya MWISHO, wengine inapita mwaka, na haimaanishi imekuharibu kizazi. Hesabu kuanzia hiyo sindano ya mwisho uone uko wapi. Ikipita mwaka na MP haijarudi nenda hospitali waangalie na mengine, kuna homoni ya maziwa, kuna tezi ya shingo. Vijiti kwa sasa weka, ukipima kila siku bila kujua mzunguko uko wapi unachoma hela.

Clomid ni dawa ya kweli na inasaidia wengi, lakini inatolewa na daktari baada ya kujua kwa nini yai halitoki, na anakufatilia kwa ultrasaundi. Ukijinywea inaweza kuvimbisha vifuko vya mayai, inaongeza uwezekano wa mapacha, na kama shida ilikuwa mirija au mumeo unakuwa umekunywa bure.

Tumbaku_Urambo

Mapacha siogopi 😅 ila nimekuelewa. Nashukuru, sindano ya mwisho haijafika mwaka.

TibaYaAsili

Dada zangu mnahangaika bure na vijiti vya Wachina. Ipo dawa ya kusafisha kizazi, kufungua mirija, kupevusha mayai na kuongeza ute, yote kwa pamoja, unatumia wiki mbili tu. Njoo inbox.

KijanaWaReli

Inafungua mirija, inapevusha mayai, tuambie na nauli ya treni kama inalipa.

MamaPacha_Mwanga

Mfanyabiashara huyo, mpite. Wewe Nyamgebuka usiingize kitu chochote huko chini na usinywe kitu usichokijua ukiwa unatafuta mtoto, unaweza ukawa umeshashika hujijui ukaitoa mwenyewe.

MzeeWaVipe

Salaam wanangu. Sikutaka kuchangia maana mambo ni ya kina mama, lakini hapo kwenye mwezi wa angani nimekaa ziwani miaka mingi niseme.

Mwezi wa angani unazunguka kwa siku 29 na nusu. Binti anasema mzunguko wake ni 27 mpaka 33, katikati hapo ni 30. Maana yake hedhi yake na mbalamwezi vinatembea karibu sawasawa. Kama hedhi imeangukia mbalamwezi mwezi huu, mwezi ujao itaangukia hapo hapo au siku moja mbili mbele, na itakaa hivyo hata miezi mingi. Sasa tumia hesabu ya nesi: hedhi ikianza mwezi ukiwa mpevu, siku ya 8 mpaka ya 19 inakuwa giza lenyewe, na giza ndo tunafanya kazi. Kwa hiyo mwaka na nusu wote huu huenda mmekuwa mnakutana siku ambazo hamna yai. Usijiite mgumba kwa hesabu hiyo, hamjajaribu bado.

Dawa yake ni moja kati ya mbili. Mumeo akae nyumbani wiki moja ya giza, na najua ni hasara, giza ndo dagaa, lakini aongee na tajiri wake, aweke kijana ashike nafasi yake wagawane, mbona mtu akifiwa anaondoka. Asipoweza, wewe mfate kambini. Wake za watu wanakuja, wananunua dagaa huko huko bei ya chini wanaanika wanarudi na mzigo. Utakuwa umefanya biashara na umefata na jambo lako, na wala hakuna atakayekuuliza.

Nyamgebuka

Mzee wangu shikamoo. Nimesoma hiyo meseji nikachukua kalenda nikaweka alama za mbalamwezi na MP zangu, yaani vinafatana, tangu mwaka huu uanze hakuna mwezi ambao vimeachana zaidi ya siku chache. Nimemsomea mume wangu kwenye simu akanyamaza halafu akasema "kwa hiyo dagaa ndo wanakula mtoto wangu" 😂

Tajiri wake hawezi kumuachia wiki nzima ila kambini naweza kwenda, mdogo wangu atanishikia meza sokoni. Sasa nesi, nikifika huko tukutane kila siku au tupumzishe? Yeye anasema azitunze mbegu zikomae amwage siku moja zenye nguvu. Na kitu kingine, kwa kuwa mwaka umepita, tuende hospitali au tusubiri hii safari kwanza?

NesiIsevya

Mzee umetusaidia, mimi hilo la mbalamwezi lisingenijia kabisa, huku kwetu ni asali na tumbaku.

Mwambie shemeji asitunze. Kila siku au siku moja ndio moja hapana, kuanzia unapoona ute unaanza kuwa mwepesi mpaka siku moja baada ya kijiti kukolea, inatosha kabisa. Akikaa wiki mbili tatu bila kumwaga, nyingi zinakuwa zimechoka, kwa hiyo siku ya kwanza ukifika usihesabu sana, endeleeni. Msitumie mafuta ya kujipaka wala mate kulainisha, vinapunguza mwendo wa mbegu. Na hiyo ya kuweka miguu juu ya ukuta sio lazima, ukitaka lala kidogo tu.

Hospitali nendeni, msisubiri. Utaratibu ni kwamba mwanamke chini ya miaka 35 akitafuta mwaka mzima bila kushika mnapimwa, akiwa na 35 na kuendelea ni miezi sita. Kwenu hesabu ina kasoro kwa sababu ya giza na mbalamwezi lakini kupima hakudhuru, anzieni hospitali ya Maweni wakielekeza mbele mtaenda. Na mnaenda WAWILI. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilitoa ripoti kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 anakutana na shida ya kupata mtoto wakati fulani katika maisha, na humo wanaume wamo sana, ila kwetu mwanamke atapimwa kila kitu, atanyweshwa kila mzizi, na mwanaume hajatoa hata tone kwenye kikopo. Kipimo chake ndo rahisi kuliko vyote: akae siku 2 mpaka 7 bila kumwaga, atoe kwenye kikopo safi, kifike maabara ndani ya saa moja kikiwa na uvuguvugu wa mwili. Kama aliugua malaria ya homa kali miezi miwili mitatu iliyopita aseme, homa inaweza kushusha mbegu na zikarudi zenyewe, asije akakata tamaa kwa jibu moja.

Wewe kwa damu wanaweza kukupima projesteroni kama siku 7 kabla ya MP unayoitarajia, hiyo inaonyesha kama yai lilitoka. Mpaka hapo vijiti havijakuthibitishia, vinaonyesha LH imepanda, na kuna wenye vivimbe vidogo vingi kwenye vifuko vya mayai (PCOS) LH inapanda mara mbili tatu kwa mwezi na yai halitoki. Na anza foliki asidi sasa hivi, 0.4 mg kila siku, usisubiri mimba, maana inamlinda mtoto uti wa mgongo siku za mwanzo kabisa ambazo hata hujajua.

MamaPacha_Mwanga

Na mama mkwe mwambie mwanae yuko ziwani, akitaka wajukuu ampigie tajiri wa vipe 😂

KijanaWaReli

Nimekuja kucheka naondoka na kikopo cha maabara mkononi. Mke wangu anasoma huu uzi ananiangalia.

Swali la kweli ila, zile shanga za uzazi wa mpango walizokuwa wanagawa, si zinaonyesha siku hizo hizo?

NesiIsevya

Zinaonyesha mkuu, zile nyeupe ni siku ya 8 mpaka ya 19. Zilitengenezwa kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 26 mpaka 32. Mkeo kama hatoki nje ya hapo, hesabuni hizo nyeupe mfanye kinyume na walivyowafundisha. Nyamgebuka anafika 33 kwa hiyo aangalie na ute.

Nyamgebuka

Asanteni wote, sikutegemea majibu haya. MP yangu inatarajiwa siku za karibuni, ikianza nahesabu, siku ya 7 nataka niwe nimeshafika kambini. Nesi la mwisho kabisa: huko vyoo ni vya shimo, na watu wengi, hicho kijiti nitakipima wapi na vipi bila kila mtu kujua?

NesiIsevya

Beba kikopo kidogo chenye mfuniko, kikavu, kisiwe na mabaki ya sabuni. Kojoa humo ukiwa chooni, rudi nacho chumbani, chovya kijiti mpaka kwenye ule mstari wa MAX usiupite, subiri sekunde zilizoandikwa kwenye paketi, kitoe ukilaze mahali bapa, mwaga mkojo wako, dakika 5 soma. Piga picha na simu kila siku ili ulinganishe na jana, macho yanadanganya. Kikianza kukaribia kukolea pima mara mbili, saa 5 asubuhi na jioni, maana kwa wengine LH inapanda na kushuka ndani ya siku moja. Vibebe kwenye mfuko wa plastiki vikae mbali na maji ya boti.

MzeeWaVipe

Na chandarua. Kambini mbu hawana adabu. Mwambie mumeo aangalie hali ya upepo siku moja kabla hujapanda boti, na maboya mdai kwa nahodha, usione aibu.